Nilivyojifunza kusimulia ndoto kwa Kikroatia

Nilikuwa nimemaliza miezi minane Split, pwani ya Dalmatia, na Kikroatia changu kilinitosha sokoni na kwenye basi. Kilichonishinda ni ndoto. Mama mwenye nyumba, mtu mzima niliyemwita teta, yaani shangazi, kila asubuhi akiinjika kahawa huniuliza: Šta si sanjala? Umeota nini?

Siku niliyomwota marehemu bibi yangu nilitamani sana kumweleza. Nikasema, "Sanjala sam o baki." Akanirekebisha taratibu: baku. Sanjala sam baku. Kosa nililitoa kwenye kitabu changu cha Kiingereza, nilikuwa natafuta neno la "kuhusu", ndiyo ile o. Kumbe kwao mtu huotwa moja kwa moja, kama tusemavyo nimemwota bibi. Baka anakuwa baku kwa kuwa ndiye aliyeotwa.

Tangu hapo nikaacha kupitia Kiingereza. Sanjala sam da baka pere rižu: niliota bibi anaosha mchele. Ndoto imepita, lakini kuosha kunabaki wakati uliopo, sawasawa na kwetu. Jinsia ndiyo iliyotaka mazoezi: mwanamke husema sanjala, mwanamume sanjao, na mimi masikio yangu yalizoea wanaume wa kazini.

Lililonigusa zaidi ni noćna mora, ndoto ya kutisha. Teta alinieleza kuwa mora wa hadithi za zamani ni kiumbe anayekuja usiku na kumkalia aliyelala kifuani hadi pumzi zimwishie. Nikamwambia huyo namjua, kwetu ni jinamizi, na mtu husema amekabwa. Ila neno hili lahitaji uangalifu, kwa sababu bahari nayo ni more, na baada ya kitenzi cha kuogopa maneno hayo mawili hubadilishana miisho: bojim se mora ni naogopa bahari, bojim se more ni naogopa jinamizi. Niliyarudia usiku kucha, kwa sauti, mpaka yakakaa.

Bibi alinijia tena mwezi uliofuata. Asubuhi nikaanza bila kutafuta neno: "Noćas sam sanjala baku." Teta akaweka kikombe chini.

"Je li ti šta rekla?" Alikwambia neno?

"Nije. Samo je prala rižu." Hapana. Alikuwa anaosha mchele tu.

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia anavyomwota mama yake.