Kuvuka Mpaka kwa Ndege Ndogo: Nilivyowasiliana na Forodha wa Marekani na Kanada

Rubani wa ndege binafsi anayevuka mpaka ndiye shirika zima la ndege. Orodha ya abiria ni kazi yake, kukagua pasipoti ni kazi yake, kuwaarifu forodha ni kazi yake, na mambo yakienda mrama faini inamwangukia yeye. Sheria ya Marekani inataja dola 5,000 kwa rubani asiyeripoti mara ya kwanza, na 10,000 kwa kila kosa linalofuata. Nilipoanza kupanga safari ya Victoria, Kanada, namba hizo ndizo zilizonikalisha chini kusoma maelekezo kabla hata sijafungua ramani.

Naishi Kent, kusini mwa Seattle, mji ambao ukiingia duka la vyakula vya kwetu Jumamosi utasikia Kiswahili cha Mombasa, cha Bukavu na cha Dar kwa mpigo. Ndege huwa naikodi kwenye klabu ya marubani katika uwanja wa Auburn, jirani tu na hapa: Cessna 172, injini moja, viti vinne. Kutoka Auburn hadi uwanja wa Victoria ni kama maili 90 za baharini, saa moja hivi angani. Kwa gari na feri, siku inaweza kukuishia njiani. Abiria wangu walikuwa mke wangu na mama yake. Kiti cha nne nilimwekea shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Leicester, lakini kiti hicho kilikwenda kitupu.

Kisa chake nakieleza kwa kirefu kwa sababu sijaona Mswahili mwenzangu anayekijua kabla hakijamkuta. Shemeji ana pasipoti ya Uingereza, na Marekani aliingia kwa ESTA, ule utaratibu wa kuingia bila viza. Kwenda Kanada asingepata shida kubwa. Shida ilikuwa kurudi. Msamaha wa viza wa Marekani ni wa msafiri anayeletwa na mchukuzi aliyetiliana saini na serikali yao, na mimi na Cessna ya klabu hatujatiliana saini na mtu. Mgeni wa msamaha huo akiingia Marekani kwa ndege binafsi ya aina hiyo lazima awe na viza yenyewe kwenye pasipoti.

"Kwa hiyo mama mwenye pasipoti ya Tanzania anapanda, mimi wa Uingereza nabaki?" akaniuliza.

"Ndivyo ilivyo, shemeji."

Akakata tiketi ya Clipper, boti ya abiria inayotoka Seattle mpaka bandari ya Victoria. Mama mkwe yeye hakuwa na tatizo. Ana kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani, na Kanada huwapokea wenye kadi hiyo bila viza. Tangu 26 Aprili 2022 hawaombwi hata kile kibali cha mtandaoni cha eTA. Ila lazima waonyeshe vitu viwili, kadi yenyewe na pasipoti hai ya nchi yao. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwomba mama mkwe ni kufungua mkoba wake tusome pamoja tarehe ya mwisho ya pasipoti ya Tanzania.

Makaratasi ya ndege yana ukoo mrefu. Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, ambao Tanzania na Kenya nazo zimo, unasema katika ibara ya 29 kwamba ndege inayovuka mipaka ibebe cheti cha usajili, cheti cha kufaa kuruka, leseni za wanaoirusha, leseni ya redio kama ina redio, na majina ya abiria. Ibara ya 10 ndiyo inayoipa nchi haki ya kukutaka utue kwanza kwenye uwanja wenye forodha. Basi ukitoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Kilimanjaro, sheria mama ni hiyo hiyo, hata kama fomu na ofisi ni nyingine. Kinachowashangaza marubani wa huku ni leseni ya redio. Ndani ya Marekani huihitaji. Ukivuka mpaka zinatakiwa mbili, moja ya ndege na moja ya mtu anayeongea kwenye redio, na hii ya pili ukishailipia haina mwisho. Klabu ilikuwa na ya ndege, pamoja na stika ya ada ya forodha ya mwaka iliyobandikwa karibu na mlango. Nikawaomba pia barua ya kuthibitisha kwamba wanajua ndege yao inakwenda Kanada, kwa kuwa si yangu.

Sasa forodha wenyewe. Kwa upande wa Marekani kuna hatua mbili, na watu hufanya moja wakadhani wamemaliza. Ya kwanza ni fomu ya mtandaoni iitwayo eAPIS, ambayo ni lazima kwa ndege binafsi tangu Mei 2009. Unajaza namba ya ndege, rangi yake, namba ya stika, uwanja utakaotua, saa utakayovuka mpaka, na habari za kila aliyemo. Unaijaza wakati wa kutoka Marekani na wakati wa kurudi, na kila mara iwe imefika angalau dakika 60 kabla hujaruka. Akaunti ifungue mapema, usingoje usiku wa kuamkia safari.

Mimi nilituma zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, siku moja nikiwa nyumbani. Mfumo unakubali, na inakuepusha kuhangaika na intaneti ya hoteli ukiwa nchi ya watu. Pagumu palikuwa kwenye majina. Mama mkwe ana jina analoitwa na ukoo mzima, ana jina la kwenye kadi ya kliniki, na ana majina matatu ya kwenye pasipoti. Fomu inataka ya kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, jina la ukoo mahali pake. Mke wangu alisoma kwa sauti, mimi nikaandika, kisha tukabadilishana kazi.

Halafu kuna saa. Mama mkwe nilimwambia tunaruka saa nne asubuhi. Kwenye eAPIS nikaandika 10:00, kwa sababu fomu hiyo hufuata saa za mahali ulipo. Kwenye mpango wa safari wa waongoza ndege nikaandika 17:00, kwa kuwa wao hutumia saa ya dunia, na majira ya joto Seattle iko nyuma yake kwa saa saba. Niliziandika zote tatu kwenye karatasi moja na kuipachika jikoni.

Majibu ya eAPIS huja kwa barua pepe. Ile ya kutoka ikishakuja, kwa upande wa Marekani uko huru kuondoka. Ile ya kurudi haikupi ruhusa ya kutua popote. Hapo ndipo inapoingia hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya mambo yote haya: unapiga simu kwa forodha wa uwanja ule ule utakaorudia, unaongea na mtu, na mtu huyo anakubali au anakataa. Mpango wa safari uliowapa waongoza ndege hauhesabiki hapa. Zamani uliweza kuandika humo maneno ya kuwaomba wawaarifu forodha kwa niaba yako, ukajiona umemaliza. Siku hizi jukumu la kupiga simu ni lako.

Auburn hakuna forodha, kwa hiyo nilichagua kurudia Boeing Field, ndani ya Seattle. Anayetoka Kanada ana uhuru wa kuchagua kituo, tofauti na anayetoka Meksiko au visiwa vya Karibiani, ambaye kwa kawaida hutakiwa kutua kwenye uwanja ulioteuliwa ulio karibu na pale alipovukia. Ningeweza pia kutua Friday Harbor, kwenye visiwa vya San Juan, ambako ni karibu zaidi na mpaka. Nilipiga Boeing Field siku moja kabla ya kuondoka. Ofisa aliuliza namba ya ndege, natoka wapi, saa ngapi nitafika, watu wangapi, raia wa wapi. Nikamuuliza jina la kuandika. Akanipa. Nikaandika jina, saa ya simu na maneno "ruhusa imetolewa". Barua pepe ya eAPIS inaonyesha kwamba nimetuma fomu, lakini ruhusa ya kutua ushahidi wake ni mstari ule wa kalamu.

Kanada wamerahisisha kwa namna yao. Huhitaji kujua namba ya kila uwanja. Kuna kituo kimoja cha simu cha nchi nzima, 1-888-226-7277, na ukizisoma zile tarakimu saba za mwisho kwa herufi za kwenye simu unapata CANPASS. Unapiga kabla hujaruka, si zaidi ya saa 48 na si chini ya saa mbili kabla ya kufika. Kwa ndege binafsi yenye watu wasiozidi 15, rubani akiwemo, mazungumzo yote huishia kwenye simu. Nilipiga asubuhi baada ya kifungua kinywa, simu ikiwa na sauti ya nje ili abiria wasikie yanayotangazwa kwa majina yao. Walitaka tarehe za kuzaliwa, uraia, tutakaa muda gani, kwa nani, tumebeba nini. Kwenye silaha wanauliza waziwazi, na mtu wa Marekani aliyezoea kuweka bastola kwenye begi la ndege aiondoe mapema. Sisi tulikuwa na zawadi za nguo, na mama mkwe alikuwa na vifuko vya viungo.

"Mwanangu, na iliki nayo niiseme?"

"Isemwe, mama. Na mdalasini."

Zikasemwa. Yule bibi kwenye simu akaendelea na swali lililofuata.

Angani palikuwa na kazi ndogo tu. Unapovuka mpaka lazima uwe umewasilisha mpango wa safari, uwe unaongea na waongoza ndege, na transponda yako, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iwe na namba ya tarakimu nne waliyokupa wewe peke yako. Tulipanda kaskazini, Seattle kulia, kisha kisiwa cha Whidbey, kisha maji. Mke wangu alipiga picha. Mama mkwe alitaka kujua mpaka wenyewe uko wapi. Nilimwonyesha kwenye kioo cha ramani mstari uliopita katikati ya bahari, naye akachungulia chini kuutafuta.

Victoria tulitua dakika chache baada ya saa niliyowaambia, na hilo nilikusudia. Ukiwahi, unatakiwa ukae na watu wako ndani ya ndege mpaka saa uliyotaja ifike. Nikapaki eneo la kuripotia, nikazima injini, na kabla mtu yeyote hajagusa mlango nikapiga ile ile namba ya CANPASS mara ya pili. Wakauliza kama kuna lililobadilika. Hakuna. Wakanipa namba ya ripoti, nikaiandika, wakasema tuko huru kushuka. Hakutokea ofisa. Wanaweza kumtuma wakitaka, na lazima umngoje, lakini siku hiyo hawakutaka.

"Hamna hata mtu wa kugonga muhuri?" Mama mkwe aliuliza. Alikuwa ameishika pasipoti mkononi tangu tulipoanza kushuka.

Siku ya kurudi ukungu ulilala juu ya mlango wa bahari wa Juan de Fuca, kama kawaida yake mwisho wa kiangazi. Uwanja ulikuwa wazi, njiani hapakuwa wazi. Rubani wa kuruka kwa macho, anayetegemea kuona nje, haingii humo. Saa ya kuruka ikasogea, na ikisogea hiyo, saa ya kufika Boeing Field imesogea pia, na ofisa amepangiwa kazi kwa saa niliyompa. Nikampigia nikiwa bado chini. Sipendi kabisa wazo la kuwaachia waongoza ndege wakufikishie ujumbe wa namna hii ukiwa angani, kwa sababu ujumbe usipofika, mlalamikiwa ni wewe. Aliyepokea alikuwa mwingine, akasahihisha saa, akataja jina lake, nikaongeza mstari kwenye karatasi yangu. Abiria walikuwa wale wale na uwanja ule ule, kwa hiyo hakuniagiza nitume orodha upya. Angeongezeka mtu hata mmoja, ningelazimika.

Boeing Field utaratibu ni mkali zaidi. Mnara ulinielekeza kwenye eneo la forodha, nikazima injini, tukabaki ndani, mikanda imefunguliwa lakini milango imefungwa. Hakuna kushuka kunyoosha miguu, hakuna kutoa begi. Ofisa alikuja na kifaa kidogo cha kupima mionzi, akaizunguka ndege, ndipo akatuita. Alitaka pasipoti zetu, kadi ya mama mkwe, leseni yangu ya urubani, cheti cha afya, usajili wa ndege. Akauliza kuhusu chakula. Matunda yote tulikuwa tumeyamaliza Victoria kwa makusudi, kulikuwa na biskuti tu na ile iliki iliyobaki, nikavitaja vyote. Akaviangalia, akavirudisha.

Alipotuachia nilipiga simu nyingine, 1-800-992-7433, kufunga mpango wa safari. Mnara wa Boeing Field haukufungii wenyewe, na usipofungwa watu wa uokoaji wataanza kukutafuta nawe uko mezani unakula. Kisha nikaomba ruhusa ya kuruka tena, tukaenda Auburn kama safari yoyote ya ndani.