Nilivyounganisha kompyuta nne nyumbani tucheze gemu pamoja, kazi ya jioni moja ikala siku tatu

Kwanza nikiri kabisa, mimi kwa muda mrefu nilikuwa najua gemu ikiganda basi intaneti ni mbovu, hakuna mjadala. Nikapandisha kifurushi, nikapandisha tena, vitu vikawa vinashuka haraka kweli lakini jioni tukikaa wote, mimi na wadogo zangu wawili na jamaa yetu mmoja anayekuja na laptopu yake, tukiingia Counter-Strike 1.6 mambo ni yaleyale, unamuona mtu mlangoni unamfyatulia, kumbe alishapita zamani na wewe ndo umekufa. Kelele nyumba nzima, kila mtu anamtuhumu mwenzake kuwa kuna kitu anadownload kimyakimya.

Siku moja intaneti ikakatika kabisa tukiwa katikati ya mechi. Mechi ikaendelea. Na kuganda kukaendelea vilevile! Hapo ndo nikashtuka. Yaani seva, ile programu inayoendesha mechi, iko kwenye kompyuta yangu, wote tuko nyumba moja, pakiti ya data inatoka kwa dogo inafika kwenye ruta inakuja kwangu, haitoki hata nje ya ukuta, sasa intaneti inahusikaje? Hela yote ile ya kifurushi... tuache tu.

Nikafungua ile skrini nyeusi ya amri kwenye Windows nikaandika ping, amri inayopima jibu linachukua muda gani kwenda na kurudi, kisha anwani ya kompyuta ya dogo wa chumba cha mwisho, halafu -t mwishoni ili isisimame. Majibu yanakuja kwa milisekunde, 3, 4, 3, 5, mara 180, mara 4, mara kimya kabisa hakuna jibu, halafu tena 3. Nilichoelewa baadaye ni kwamba gemu haina shida na spidi kubwa, data inayotuma ni kidogo sana, inachotaka ni ifike kwa wakati kila mara. Waifai haiwezi kukuahidi hilo. Wote mnatumia hewa moja, mmoja akiongea wengine wanasubiri, na kama mko kwenye masafa ya 2.4 GHz basi mpo na waifai za majirani, Bluetooth, na mikrowevu ikiwashwa ndo usiseme. Kwahiyo nikasema waya.

Ruta yetu ina poti nne lakini iko sebuleni, na kompyuta mbili ziko upande wa pili. Nilikuwa na ruta ya zamani imekaa tu kwenye droo, nikaona hiyo itafanya kazi ya swichi, yaani kugawa waya tu, nipitishe kebo moja ndefu mpaka huko kisha igawie mbili. Wazo zuri, utekelezaji ovyo. Kebo nikaichomeka kwenye ile poti ya rangi tofauti, ya WAN, ile ya kuingizia intaneti kutoka nje, maana ndo inaonekana ya maana. Intaneti ikapatikana pande zote nikafurahi, kumbe nimetengeneza mitandao miwili ndani ya nyumba moja, huku anwani zinaanza na 192.168.1 na kule 192.168.0, na walio nyuma ya ruta ya zamani hawaioni seva yangu kwenye orodha ya gemu hata kwa dawa. Nikahamishia kebo kwenye poti ya kawaida. Sasa ikawa mbaya zaidi, kwasababu ruta zote mbili zinagawa anwani, anayewahi kujibu ndo anakupa, leo kompyuta inapata anwani ya ruta hii, ukiizima na kuiwasha inapata ya ile nyingine, huyu ana intaneti yule hana. Nilimaliza hapo karibu siku nzima.

Dawa yake ilikuwa dakika tano tu: nikaingia kwenye ruta ya zamani nikaipa anwani 192.168.1.2 isigongane na ile kubwa, nikazima DHCP yake, yaani ile kazi ya kugawa anwani, nikazima na waifai yake, kebo ikabaki poti ya kawaida, ile ya WAN nikaibandika selotepu ili mtu yeyote asije akajifanya mjanja kama mimi. Kwenye ruta kubwa nikaifungia kompyuta yangu anwani ya kudumu, 192.168.1.10, ili seva isiwe inahamahama.

Kebo nilikrimpi mwenyewe, yaani kubana vichwa vya plastiki kwenye ncha zake. Rangi nilizikariri kama shairi, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili hivyohivyo. Ilikubali mara ya kwanza, taa zikawaka, ila Windows ikawa inasema 100 Mbps wakati kebo ni ya aina ya Cat5e na vifaa vyote vina uwezo wa gigabiti moja, yaani 1000 Mbps. Kumbe ule uzi wa bluu haukufika mpaka mwisho wa kichwa, na 100 Mbps inatumia nyuzi nne tu kati ya nane, bluu haimo, kwahiyo mtandao unashuka spidi na kuendelea bila kulalamika popote. Kwa kucheza tu hata hiyo 100 inatosha na kubaki. Ila jaribu kuhamisha gemu ya GB 30 kwenda kompyuta nyingine uone, kwa 100 Mbps unapata kama MB 11 au 12 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika arobaini mnatazamana. Nikakata kichwa nikakrimpi upya, ikapanda gigabiti, kazi hiyohiyo kama dakika tano hivi disk ikiwa nzima.

Sasa kila mtu pingi chini ya milisekunde 1, raha. Isipokuwa laptopu ya jamaa yetu. Nampingi anajibu, yeye akinipingi najibu, lakini akifungua orodha ya seva za LAN, yaani za mtandao wa ndani, ni tupu, weupe kabisa. Nikaangalia Windows yake, mtandao umewekwa Pabliki, nikageuza Praiveti, nikairuhusu gemu kwenye fayawoli, ile inayozuia mawasiliano ya mtandao, bado. Toleo la gemu ni lilelile. Nikazima fayawoli yote dakika moja kujaribu, bado. Usiku umeenda, madogo wanapiga miayo, mmoja akaniambia "kaka mwache tu, tucheze watatu," na mimi nishakasirika siwezi kulala hivyo.

Nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani za kompyuta, kwenye laptopu yake nikakuta ina anwani mbili, ile ya kwetu na nyingine 192.168.56.1. Hiyo ya pili imetoka wapi? Jamaa anatumia VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta, kwa mambo yake ya shule, na ile programu inaweka adapta ya kufikirika, kama kadi ya mtandao isiyoshikika, kwenye Windows. Gemu ilikuwa inapiga kelele "kuna seva huko?" kupitia adapta hiyo ambayo haina mtu upande wa pili. Nikafungua ncpa.cpl, orodha ya adapta za mtandao kwenye Windows, nikaizima hiyo adapta, akafungua orodha upya. "Nimeiona!" Watu tukapigana makofi ya mabega saa saba usiku. Hata VPN nyingine, zile programu za kupitisha mtandao kwa njia ya siri, zinaleta mchezo huohuo, na kilichoniuma ni kwamba angefungua tu konsoli, sehemu ya kuandika amri ndani ya gemu, akaandika connect 192.168.1.10:27015 angeingia moja kwa moja bila orodha, nililijua hilo siku nyingi na halikunijia kichwani kabisa.

Tangu hapo haigandi. Dogo wa chumba cha mwisho aliyekuwa anafungwa kwasababu ya "mtandao" sasa anafungwa kwasababu ya mausi. Kebo yake bado inapita chini ya mlango sijapata njia nyingine, kwahiyo kila akiubamiza mlango kwa hasira naenda kwanza kuangalia kama taa ya poti inawaka.