Kigae cheupe juu ya kabati

Juzi mke wangu aliniuliza kama anaweza kukitupa kile kigae cheupe kilicho juu ya kabati. Nikamwambia bado. "Bado nini?" akauliza, nami nikakosa la kusema. Kitu chenyewe hakijanasa wimbi lolote kwa zaidi ya miaka kumi, na kazi yake siku hizi ni kukandamiza karatasi za shule za watoto zisipeperuke.

Si kigae. Ni antena ya WiMAX, ile intaneti ya zamani iliyorushwa bila waya kutoka mnarani hadi nyumbani, mraba wa plastiki wa shibiri moja na nusu hivi, aina tuliyokuwa tukiifunga kwenye kuta za Kampala mwaka 2008 na 2009. Mimi ni fundi wa minara. Nilizaliwa Arua, kambini, baba akiwa askari, ndiyo maana Kiswahili kilinikaa mdomoni kabla Kilugbara cha shangazi zangu hakijanyooka. Kazini nako ndicho tunachokitumia: kikosi chetu kina Wakenya, Wakongo wawili wa Ariwara, na Waganda ambao huongea Kiswahili kana kwamba wanaomba radhi.

Kabla ya minara nilikuwa mtu wa mapaa. Kampuni iliyoniajiri ilitupeleka kwenye semina ya siku moja hotelini, na muuzaji wa mitambo akaja na projekta yake. Picha ya kwanza ukutani ilikuwa na namba mbili tu: megabiti 70 kwa sekunde, kilomita 50. Wakubwa waliokaa mbele waliandika. Sisi wa nyuma tulikuwa kwenye sambusa. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza kama namba zile mbili zinapatikana kwa wakati mmoja. Hazipatikani. Ukitaka kilomita nyingi unaziacha megabiti njiani, na ukizitaka megabiti zako zote inabidi ukae karibu na mnara.

Lakini siwacheki wale wakubwa. Uganda haina bahari. Wakati ule intaneti yetu ilikuwa inatoka angani, kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, na kukodi kasi ya megabiti moja kwa sekunde kwa mwezi kulikuwa kunakwenda kwa maelfu ya dola. Ukipiga simu kwa njia hiyo, unasema "haloo", unamwacha mwenzako anyamaze, halafu nyote wawili mnaanza kusema pamoja. Nyaya za shaba za simu zilikuwa chache, na hizo chache zilikuwa na wapenzi wake wa usiku, wale wanaouza chuma chakavu. Sasa mtu anakuambia simika mnara mmoja, mtaa mzima upate intaneti, usichimbe mtaro, usiombe kibali cha kukata lami, na hakuna waya wa kuibwa. Mwenye kampuni akisikia hivyo halali.

Acha nikueleze ilivyokuwa hasa, maana vijana wa sasa wanadhani intaneti isiyo na waya ilizaliwa ndani ya simu. Tulienda kumfungia mteja mmoja Ntinda, mtaa wa Kampala, mwenye duka la kompyuta. Saa saba mchana, bati linaunguza magoti kupitia suruali. Antena ina taa tano ndogo nyuma yake. Mimi niko juu nimeishika kwa mikono miwili, mwenzangu yuko chini na laptopu, tunaongea kwa simu ingawa tunaonana. "Kushoto kidogo. Kidogo sana, bwana! Umepita. Rudi." Upana wa kidole tu na taa zinatoka nne hadi moja. Tulipozipata nne nikakaza nati nisipumue, na mteja akaleta soda.

Mvua zilipoanza akanipigia. "Fundi, intaneti yako imelowa."

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli kuliko muuzaji wa hotelini. Kati ya paa lake na mnara kulikuwa na mti wa jirani. Kiangazi ulikuwa mwembamba, tukapiga wimbi katikati yake. Mvua ikaja, ukachipua, majani yakajaa maji, na masafa ya gigahezi 3.5 hayapatani na majani mabichi. Nikaenda kumwomba mwenye mti, jajja mmoja, mzee wa heshima, aliyekuwa amekaa mkekani anamenya matooke, kama tunaweza kupunguza matawi mawili tu. Hakuinua hata kisu. Akasema mti huo ulikuwepo kabla ya intaneti, na intaneti kama ina akili itauzunguka. Tukanunua bomba la futi 20 tukaiinua antena juu ya mti. Gharama ya bomba, safari tatu za gari na mishahara yetu: faida ya mteja yule kwa kampuni ilikuwa imekwisha kabla hajalipa mwezi wa pili.

Halafu mikongo ya baharini ikafika Mombasa. SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Faiba ikapanda Nairobi, ikavuka mpaka, ikaingia Kampala. Ungedhani huo ndio wakati wa WiMAX kuneemeka, kwa sababu hatimaye mnara ulikuwa na kitu cha kugawa. Ndio wakati ilipoanza kufa.

Watu wengi husema ilikuwa teknolojia mbovu. Siyo. WiMAX na LTE, hii tunayoiita 4G, ni watoto wa tumbo moja. Zote mbili huligawa wimbi kuwa vijiwimbi vingi na kumpa kila mteja fungu lake. LTE ilikuja na hila mbili nzuri. Simu inapotuma kwenda mnarani hutumia njia nyingine isiyokula betri sana. Na ukitoka kwenye eneo lake, inakushusha taratibu kwenye 3G au 2G uliyokuwa nayo tangu zamani. Kwa mwenye mtandao hiyo ya pili ndiyo dhahabu, kwa kuwa laini zake zote na minara yake yote inaendelea kuingiza pesa huku akijenga mpya kidogo kidogo. WiMAX ilimtaka aanze upya, na mteja naye apigilie kigae ukutani. Huko Marekani kampuni ya simu ya Sprint iliianzisha Baltimore mwaka 2008, na mwaka 2010 wakapata hata simu yake, HTC EVO. Lakini Desemba 2009 Stockholm na Oslo zilikuwa zimeshawasha LTE, na kampuni kubwa za dunia zikafuata huko kama ng'ombe wanaojua kisima kilipo. Novemba 2015 Sprint ikaanza kuzima.

Kwetu, LTE ilifika mwaka 2013. Kampuni ya Smile waliijenga kwenye megahezi 800, na hapo ndipo nilipojua kazi yangu ya mapaa imekwisha. Masafa ya chini yanatembea mbali na yanapita ukutani. Mteja anaweka kisanduku mezani, anachomeka umeme, basi. Hakuna bati, hakuna jajja. Nikajifunza kuvaa mkanda wa usalama nikahamia minarani.

Huku ndiko nilikoona hesabu ambayo haikuwepo kwenye projekta. Mnara wa kawaida una pande tatu, kila upande unatazama theluthi ya duara. Chukua upande mmoja wa 4G wenye megahezi 10: hali ikiwa nzuri kabisa, maji yote ya bomba hilo ni megabiti 75 kwa sekunde, na yanagawanywa kwa wote walio upande huo. Jumamosi jioni timu za Uingereza zikicheza, kila kijana mwenye simu anafungua mechi kwenye mtandao wa wizi. Wakati wa simu za sauti, mteja alikuwa anachukua kijiko kimoja cha bomba na kulipa kila dakika. Sasa anachukua ndoo, analipa bando la siku, na anampigia shangazi yake kwa WhatsApp humo humo, kwa hiyo hata kile kijiko cha zamani kimekwenda. Sisemi kampuni hazipati faida. Zinapata. Lakini ukiniuliza mimi, kilichozituliza ni kitu kisichohitaji kasi hata kidogo: pesa ya simu. MTN waliianzisha hapa Machi 2009, na mpaka leo mama wa sokoni anatuma hela kwa menyu ya nyota na reli ambayo ingepita hata kwenye mtandao wa mwaka 1998.

Serikali nayo ikaonja. Julai 2018 ikawa kodi ya shilingi 200 kwa siku ukitaka kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Mwezi huo huo wapwa zangu wote walijua VPN ni nini, ile programu ya kuificha njia unayopita mtandaoni, hata yule asiyejua kufunga kamba za viatu. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaletwa asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo haina pa kukimbilia.

Na nyuma ya mnara je? Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, unavuka Nile Karuma na tena Pakwach. Kila megabiti anayoiona mtu wa kwetu imesafiri njia hiyo, kwa faiba au kwa kurushwa mnara hadi mnara, na ikifika inakuta jenereta. West Nile, eneo letu la Arua, ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Nimewahi kupanda mnara alfajiri kutafuta hitilafu, nikakagua kebo moja moja hadi juu, nikashuka saa nne, ndipo kijana wangu akagonga tangi la dizeli kwa spana likalia kama debe. Mtu alikuwa amenyonya lita zote usiku. Redio ya mamilioni imezimwa na mpira wa futi tatu na jerikeni.

Mwaka 2023 Airtel na MTN wakawasha 5G Kampala. Nilipelekwa kwenye mafunzo. Hoteli nyingine, sambusa ndogo zaidi. Picha ya kwanza ukutani ilikuwa na namba kubwa, na masafa yaliyotajwa, ndugu zangu, ni gigahezi 3.5 zile zile za Ntinda. Safari hii nilinyoosha mkono. Nikauliza habari ya majani. Kijana aliyekuwa anafundisha alidhani natania. Haki yake nimpe: antena za sasa zinaelekeza wimbi zenyewe kumfuata mteja, si kama mimi na vidole vyangu juu ya bati, na mjini penye faiba hadi chini ya mnara zinafanya kazi vizuri. Nimeijaribu Kololo, mtaa mwingine wa Kampala, na nikanyamaza.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mnara mmoja njia ya Rhino Camp, makazi ya wakimbizi huko kwetu, tunabadilisha betri. Pale chini kuna mama kutoka Sudan Kusini anayeuza mandazi. Kiswahili chake amekiokota kwa madereva wa malori, na kinatosha. Amezoea kuniuliza habari za mtandao kama watu wanavyouliza habari za mvua. Alikuwa amesikia redioni.

"Mwanangu, hii tano wanayosema, italetwa hapa?"

"Si leo, mama. Labda baadaye."

"Ikija, itaingia humu?" Akatoa kabiriti yake mfukoni, ile simu ya vitufe yenye tochi, imefungwa kwa raba isifunguke mgongo.

"Hapana, mama. Humo haiingii."

Akaitazama kidogo, akaipangusa kwa khanga, akanipa pamoja na waya wake. "Basi nichajie hapo kwenye betri zenu. Asubuhi binti yangu atatuma pesa."

Nikaichomeka. Mlinzi wa mnara akanyamaza, maana ya kwake ilikuwa tayari imechomekwa pale.