Hoja yangu mikononi mwa mtu mwingine

Kuna jaribio moja la saikolojia ambalo sijaacha kulifikiria tangu nilipolisoma. Lilichapishwa mwaka 2016 na Emmanuel Trouche, Petter Johansson, Lars Hall na Hugo Mercier. Washiriki walipewa mafumbo mepesi ya mantiki, wakajibu, na kwa kila jibu wakaandika sababu iliyowafanya wajibu hivyo. Kisha wakaonyeshwa majibu na sababu za watu wengine, wapime kama zinatosha kuwabadilisha mawazo. Mtego ulikuwa hapo. Katika fumbo moja, hoja waliyoambiwa ni ya mwingine ilikuwa yao wenyewe, ile ile waliyoiandika muda mfupi kabla. Baadhi waligundua. Miongoni mwa wasiogundua, zaidi ya nusu waliikataa.

Ukweli kwamba walikuwa wepesi zaidi kuikataa hoja ilipokuwa mbovu kuliko ilipokuwa sahihi unanipa matumaini makubwa. Uwezo wa kupima walikuwa nao tangu mwanzo. Hawakuutumia tu wakati hoja ilipokuwa yao.

Nimejiuliza sana kwa nini iwe hivyo. Mercier na mwenzake Dan Sperber walitoa jibu mwaka 2011, nami kadiri ninavyoishi ndivyo ninavyozidi kuliamini: huenda akili ya kutoa hoja haikukua ili mtu mmoja aketi peke yake atafute ukweli. Huenda ilikua ili tushawishiane na tusidanganywe. Anayejenga hoja hutafuta ya kumtosha msikilizaji, basi, akiipata, anatulia. Anayeisikiliza ndiye mwenye haja ya kukagua, maana hasara ya kudanganywa ni yake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nasi hatuna sababu ya kushangaa kwamba mwamba ngoma haoni anavyovuta.

Ushahidi wa kuvuta huko ni mwingi. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwachukua watu wanaounga mkono adhabu ya kifo na watu wanaoipinga, wakawasomesha wote tafiti mbili, moja ikielemea upande huu na nyingine upande ule. Mtu angetarajia kwamba baada ya kusoma mambo yale yale wangesogeleana. Walizidi kuachana. Kila upande uliuona utafiti unaouunga mkono kuwa umefanywa vizuri, na ule mwingine ukaukuta na kasoro chungu nzima. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wavivu wa kusoma. Walikagua kwa bidii upande mmoja tu.

Watu wengi wakisikia haya hukata tamaa na kusema binadamu hawana mantiki. Mimi sikubaliani, na sababu yangu ni jaribio la kadi nne la Peter Wason, la mwaka 1966. Mbele yako kuna kadi nne: E, K, 4 na 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: ikiwa upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Ni kadi zipi ni lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua E peke yake, au E na 4. Jibu ni E na 7. Nne haiwezi kuvunja chochote, kwa kuwa kanuni haikusema namba shufwa lazima iambatane na irabu. Lakini nyuma ya 7 ikikutwa irabu, kanuni imeanguka. Kwa kawaida hata mtu mmoja kati ya kumi hapati.

Mwaka 1998 David Moshman na Molly Geil waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu fumbo la aina hii. Kati ya waliofanya peke yao, waliopata jibu sahihi walikuwa asilimia 9. Kati ya vikundi vidogo vilivyoruhusiwa kujadiliana, vilivyopata vilikuwa asilimia 75. Namba hizi mbili nimezitazama mara nyingi, na kila mara zinanifurahisha. Fumbo lilikuwa lile lile, na hakuna aliyefundishwa kanuni yoyote ya mantiki. Kilichoongezeka ni mtu wa kuuliza, "Kwani hiyo 4 ukiigeuza ukakuta K, itakuwa imeharibika nini?"

Lakini kuwa wengi peke yake hakutoshi, na hapa inabidi kuwa mwangalifu. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwakalisha watu pamoja walinganishe urefu wa mistari, jambo ambalo jicho lolote zima linaliona. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Karibu robo tatu ya washiriki halisi walifuata uongo ule angalau mara moja. Hilo nalo ni kundi! Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kwa Asch hakuna aliyetoa sababu. Kila mtu alitamka jibu, zamu ikapita. Kundi lililokusanya majibu bila kukusanya hoja limekusanya shinikizo tu. Na Asch mwenyewe alionyesha kwamba akipatikana mwenzako mmoja tu anayesema kweli, shinikizo hilo linashuka sana. Mmoja tu.

Haya yote ninayawaza kwa sababu nina jambo la kuamua. Nafikiria kuacha kazi nirudi kusoma. Nilianza kwa njia ambayo Benjamin Franklin alimshauri Joseph Priestley katika barua ya mwaka 1772: gawa karatasi kwa mstari katikati, upande mmoja sababu za kukubali, upande mwingine za kukataa, uziongeze kwa siku kadhaa kadiri zinavyokujia, kisha ufute zinazolingana uzito. Ni njia nzuri, hasa kwa vile inazuia sababu ya leo kuisahaulisha ya jana. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba anayejaza pande zote mbili ni mtu yule yule, na mkono wake una upande. Charles Darwin alilijua hilo kuhusu nafsi yake. Alikuwa na desturi ya kuandika mara moja kila jambo lililopingana na matokeo yake, kwa kuwa aliona mambo ya namna hiyo hutoroka kumbukumbu upesi kuliko yale yanayopendeza.

Basi nilimpelekea dada karatasi nikamwomba azipinge sababu zangu. Aliisoma polepole, akaweka kidole kwenye moja. "Mdogo wangu, hapa umeandika kwamba usipoenda sasa hutaenda tena. Ningekuletea mimi sababu hii, ungeipokea?" Nilijua papo hapo kwamba nisingeipokea. Ningemuuliza nani kasema, na mwakani kuna nini kinachofunga mlango. Nimeifuta.

Hata hivyo dada anataka niende. Alipinga kwa kuwa nimemwomba, na alipinga kwa upendo. Charlan Nemeth na wenzake walichunguza tofauti hii mwaka 2001, wakakuta kwamba mtu anayepinga kwa dhati huwachochea wenzake kutafakari kwa upana kuliko mtu aliyepewa kazi ya kupinga. Naelewa kwa nini. Anayeigiza hana cha kutetea. Ukimjibu kidogo tu, ananyamaza.

Anayeamini kweli kwamba nisiache kazi ni baba. Msimamo wake naujua, sababu zake bado sijazisikia zote. Jumamosi nitakwenda kukaa naye nimwombe anieleze mwanzo mpaka mwisho, nami nitaziandika kwa maneno yake, sio yangu, kisha nimsomee aniambie kama nimezipata sawasawa kabla sijajibu hata moja.