Kabla hujamwita mtoro, fungua daftari la mahudhurio

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo maana juzi nimesikia tena ile kauli ya "watoto wa vijijini hawapendi shule tu", na aliyeisema ni mtu anaishi hapa hapa Dodoma mjini, wanae wanafuatwa na basi la shule mlangoni. Sikumjibu, alikuwa mkubwa kwangu na tulikuwa msibani. Nikasema ngoja nije niyamwage huku.

Mi nafundisha hesabu shule ya sekondari ya kata, vijijini huku wilaya ya Chamwino, na nikwambie kitu, mtoto haachi shule siku moja. Anaacha kidogo kidogo na yote yanaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, sema hakuna anayelisoma, tunalijaza asubuhi ili mkuu wa shule asaini basi. Anaanza kukosa siku ya mnada. Hafu Jumatatu. Ikifika Februari unakuta kakosa siku tatu mfululizo, karudi siku mbili, kapotea wiki nzima, na mpaka mwalimu wa darasa aje aandike barua kwa mtendaji wa kijiji huyo mtoto kichwani kwake alishaondoka kitambo, pengine yuko Dar anatembeza maji barabarani au yuko kwa watu anafanya kazi za ndani.

Kwa nini Februari? Mtu wa huku haulizi. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo shule inafunguliwa Januari wakati chakula cha mwaka jana kinaishia ishia na shamba ndo linataka mikono. Kuna palizi. Ng'ombe lazima wachungwe mbali na mazao ya watu, hapo kijana wa kiume anaitwa. Uwele na mtama vikianza kukomaa wanakuja kwelea kwelea, ni kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, toka alfajiri mpaka jua linazama, na wa kuamia ni nani kama sio mtoto? Wale ndege wakishuka shambani mkiwa mmelala mwaka umeisha, mtakula nini.

Elimu bila ada imesaidia, hilo sibishi, toka 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne hawalipi na 2022 ikaongezwa cha tano na sita. Lakini ada ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na ukikaa na mzazi mkapiga mahesabu ya sare, viatu, sweta, madaftari, na kodi ya geto kwa anayetoka kijiji cha mbali, unaona ile 20,000 ndo ilikuwa ndogo kuliko zote. Hayo mageto nayo ni habari nyingine, binti wa miaka kumi na nne anakaa peke yake chumba cha kupanga anajipikia, siku unga ukiisha nani anampa hela ya unga? Tunajua. Ndo maana nikisikia hosteli inajengwa mahali nafurahi kuliko nikisikia maabara, na wenzangu wa sayansi wanisamehe.

Afu kuna lugha. Mtoto kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, Januari kaingia kidato cha kwanza karibu kila kitu Kiingereza. Nina kijana mmoja mwandiko wake mzuri kuliko wangu, ananakili ubao mzima mpaka nukta, ukimwambia soma hii sentensi inasema nini anaangalia chini. Mtihani wa kwanza akapata sifuri swali la mkulima aliyeuza mbuzi. Nikamwita pembeni nikamuuliza lile lile kwa Kiswahili, kauza mbuzi watatu kila mmoja 60,000, kanunua mahindi ya 75,000, kabaki na ngapi? Sijamaliza sentensi vizuri kashajibu laki na tano, na akaongeza, "ila madam mbuzi wa hela hiyo atakuwa mdogo sana". Sasa huyo utasema hana akili? Na akifika kidato cha pili asipofaulu ule upimaji wa taifa anarudia darasa, kijana kashaota ndevu akae na wadogo zake, wengi hapo ndo hawarudi tena.

Sisi tumejaribu vitu vichache na sio vya hela nyingi. Mwalimu wa darasa anapitia daftari kila Ijumaa, aliyekosa siku mbili tunamfuata nyumbani wiki hiyo hiyo, sio tunasubiri barua. Na ukienda usiende na mtendaji, mtu akimuona mtendaji anajua faini imekuja, atakudanganya mtoto yuko kwa shangazi yake Kongwa. Nenda mwenyewe, anza na mbukwenyi, salamu yao ya Kigogo, kaa kwenye kigoda. Babu mmoja aliniambia, "Mwalimu, shule simkatazi, niambie tu nani ataamia." Tukaelewana mtoto anaamia alfajiri, mama yake anampokea, anaingia darasani saa tatu na hachapwi kwa kuchelewa mpaka ndege waishe. Mkuu wa shule alikubali shingo upande na walimu wengine walinuna, wanasema tunaharibu nidhamu. Sawa, ila mtoto yupo darasani.

Chakula ndo kikubwa zaidi. Siku zenye makande darasa linajaa, siku hakuna unaona wenyewe wanavyochomoka saa sita. Zamani wazazi walikuwa wanaitwa kikao Februari waambiwe walete mahindi na maharage, jamani Februari! Mwezi ambao wao wenyewe wanapima unga kwa kikombe. Sasa hivi kikao kinafanyika Julai watu wakiwa wametoka kuvuna, kila mzazi anapeleka debe lake stoo ya shule linafungiwa, na asiye na mahindi analeta mtama au anakuja kukata kuni.

Na wale waliokwisha kuacha, hasa mabinti waliopata mimba, wengi hata hawajui kwamba Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 unawaruhusu kurudi shule za serikali. Kwa asiyetaka kurudi na kukaa na wadogo zake kuna vituo vya Elimu ya Watu Wazima anamalizia huko. Ukimjua hata mmoja mpigie simu mamaake leo.

Nyie wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mnaoniulizaga mnaweza kusaidia nini, msiniletee fulana zenye picha zenu. Jumamosi asubuhi kuanzia saa tatu nina kidato cha kwanza wanasoma Kiingereza kwa sauti mmoja mmoja, anahitajika mtu wa kukaa tu pembeni awasikilize na asiwacheke. Nauli mtajitegemea, makande yapo.