Kamera haioni tairi

Jumapili usiku, Bombo

Hongo ya trafiki inapozungumzwa Kampala, hadithi huwa na watu wawili tu: askari mwenye sare nyeupe na dereva wa taksi, yaani basi dogo la abiria. Mmoja anakula, mwingine analiwa. Abiria hatajwi. Mimi ni abiria. Nauza vitenge mjini, naipanda barabara hii ya Bombo alfajiri na kurudi jioni, na kwa haya ninayoyaona nikiwa nimekaa na furushi langu magotini, naona kinachouzwa pale barabarani ni roho zetu sisi tuliobanana nyuma. Hakuna anayetuuliza bei.

Nieleze ya Alhamisi. Taksi zetu zina leseni ya abiria 14. Asubuhi ile kila kiti cha watu watatu kilikuwa na wanne, na mtoto wa shule amesimama ameinamisha shingo karibu na mlango. Tulisimamishwa kabla ya kuingia mjini. Askari alikuwa mwanamama, umri wangu hivi, viatu vyake vimeng'arishwa vizuri. Akaizunguka gari polepole. Nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu la nyuma, dirisha limefunguliwa, kwa hiyo nilimwona akichutama pale chini yangu. Tairi lile lilikuwa kipara kabisa, na pembeni nyuzi za waya zilikuwa zimeanza kuchomoza. Akalipapasa kwa kidole, akafuta kidole chake kwenye bodi ya gari, akasimama.

"Hii tairi itaua watu," akamwambia konda kwa Kiswahili cha kambini, kwa sauti tuliyoisikia wote.

Konda akashuka na pamiti ya dereva, ile leseni yake ya kuendeshea. Ndani yake alikuwa ameshatia noti, imekunjwa hadi ikawa ndogo kama ukucha. Wakaenda nyuma ya gari. Hawakukawia hata dakika mbili. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akaanza kulalamika kwamba tunachelewa, konda afanye haraka. Konda aliporudi nikamuuliza, "Na tairi je?" Akanijibu huku akivuta mlango: "Mama, tumeshamalizana."

Wamemalizana wao. Sisi tulioondoka juu ya lile tairi tumemalizana na nani?

Tangu siku ile sijatulia, na kinachoniuma zaidi si ile pesa. Yule mama alikuwa anajua. Alichutama, akatazama, akashika, akasema kweli yote kwa mdomo wake, kisha akaiuza. Angekuwa mzembe, asiyetazama kitu, ningemwelewa zaidi. Kwa taarifa ya polisi wenyewe, mwaka 2024 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 5,000 katika nchi hii. Najiuliza ni wangapi kati yao walipita mbele ya askari aliyeuona ubovu wa gari yao akaupokelea noti.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kukaa na Hajji, jirani yetu, ambaye ameendesha taksi barabara hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hajji ni mcha Mungu na hongo anaichukia, nami namwamini. Akanipigia hesabu yake. Mwenye gari anataka pesa yake jioni, iwe mvua iwe jua. Kuna mafuta, kuna ada za steji, kuna konda. Halafu kuna trafiki, ambaye amekaa kwenye bajeti kila siku sawa na mafuta, asubuhi elfu tano, jioni pengine tena.

"Mwanangu," akaniambia, "wale watu wa ziada ninaowapakia ndio wanaomlipa trafiki. Nisipowapakia sina cha kumpa. Nikiwapakia, ndipo ananisimamisha."

Nilirudia maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani. Anazidisha watu ili apate hongo ya kosa la kuzidisha watu! Na pesa ya tairi jipya inatoka humo humo, kidogo kidogo, haitimii hata siku moja.

Nikamuuliza kwa nini asikubali kuandikiwa faini. Mfumo upo, ile karatasi tunayoiita EPS: unaandikiwa kosa lako, unapewa siku 28, unalipa benki na pesa inaingia serikalini. Akasema faini moja ni mara nyingi ya ile elfu tano, mwenye gari haichangii hata senti, na atakayekamatwa kwa kutolipa ni yeye dereva. Halafu kuna askari ambao kitabu cha faini hawakifungui kabisa. Wanachukua ufunguo wa gari, wanasimama kivulini, wanangoja uongee vizuri.

Juni 2025 nilidhani dawa imepatikana. Serikali ilileta kamera za kutoza faini zenyewe, bila askari, na aliyezidisha mwendo kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa alitakiwa kulipa shilingi 600,000. Nchi nzima ikapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikasimamisha. Mimi nilikuwa upande wa kamera, na bado niko, ila faini zipunguzwe ziwe za watu wa kipato chetu. Kamera hainyooshi mkono.

Lakini Alhamisi imenionyesha nisichokuwa nimekifikiria. Kamera inasoma namba ya gari na mwendo wake. Haichutami kutazama tairi. Haijui kama breki zinashika. Ukaguzi wa lazima wa magari nao ulianzishwa, ukasimamishwa 2017 baada ya malalamiko yale yale ya gharama. Kwa hiyo njiani jicho linalobaki kutazama gari tunazopanda ni la yule askari pale barabarani, na jicho hilo lina bei.

Najua maisha yao. Binamu yangu ni polisi, watoto wake wamekulia kwenye kile kibanda cha bati cha mviringo, joto la mchana humo ndani huwezi kulistahimili. Ningefurahi wote wajengewe nyumba kesho na waongezwe mshahara. Ila binamu yangu huyo huyo hajawahi kuchukua, na ndiyo sababu, anavyosema, hapelekwi barabarani. Jambo hili pia si geni. Mwaka 1999 Jaji Julia Sebutinde, ambaye sasa yuko Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, aliongoza tume ya kuchunguza rushwa ndani ya polisi. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ndio madereva na ndio askari.

Sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamhesabu mtoaji kuwa na hatia sawa na mpokeaji, kifungo hadi miaka 10. Hapo ndipo dereva anapofungwa mdomo: akienda kushtaki, amejishtaki. Abiria hana kizuizi hicho. Hakutoa kitu, hakupokea kitu, na ameona kila kitu kwa macho yake. Taksi moja ina mashahidi 14 wasio na hatia, na watu wa IGG, ofisi ya serikali inayochunguza rushwa, wakitaka ushahidi wa barabarani ni sisi wa kuulizwa. Saa na mahali nimeandika kwenye daftari la biashara, na maelezo yangu nitayapeleka.

Leo alasiri tulikutana kwa Mama Zamzam, sisi tunaopanda gari ya Hajji ya alfajiri. Nimependekeza hivi: tukae watatu watatu kila kiti, kila mtu aongeze elfu moja kwenye nauli, na Hajji abadilishe matairi mawili ya nyuma kabla mwezi haujaisha. Mama Zamzam amekubali hapo hapo. Hajji ameomba kwanza aongee na mwenye gari. Mwalimu amesema elfu moja kila siku, kwenda na kurudi, mshahara wake haufiki, na sikuwa na jibu la kumpa. Tumeahidiana kukaa tena Jumatano baada ya magharibi, na mwenye gari naye ameitwa.