Sheria ya Watoro ya 1850: nani hasa alidai haki za majimbo?

Mjadala wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ukizuka mtandaoni, hakosekani mtu wa kudai kwamba Kusini, yaani majimbo yaliyoshikilia utumwa, ilipigania haki za majimbo, yaani haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu, na kwamba utumwa ulikuwa kisingizio tu. Mwenye hoja hiyo mpe asome sheria moja, kifungu kwa kifungu: Sheria ya Watumwa Watoro, iliyotiwa saini na Rais Millard Fillmore tarehe 18 Septemba 1850. Ni vigumu kupata sheria nyingine ya miaka ile iliyoipa serikali kuu ya Washington mkono mrefu kama huo ndani ya majimbo. Aliyeandika muswada wake ni Seneta James Mason wa Virginia.

Tuanze na pengo ambalo sheria hiyo ilitungwa kuliziba. Katiba ya 1787 ilisema mtu anayepaswa kutumikia katika jimbo moja akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa anayemdai, lakini haikusema nani amrudishe. Sheria ya 1793 ikamruhusu bwana amkamate mtoro mwenyewe na kumpeleka mbele ya jaji wa shirikisho, yaani wa serikali kuu, au hakimu wa mahali. Majimbo ya Kaskazini yakaanza kuweka masharti, maana watu weusi waliokuwa huru nao walikuwa wakinyakuliwa na kuuzwa. Mwaka 1842, katika kesi ya Prigg dhidi ya Pennsylvania, Mahakama Kuu ilisema majimbo hayawezi kumzuia bwana, ila maofisa wao hawalazimiki kumsaidia. Massachusetts ilishika maneno hayo ya mwisho mara moja. Mwaka 1843 ilikataza jela zake na watumishi wake wasitumike kwa kazi hiyo, na Pennsylvania ikafuata mwaka 1847. Kuanzia hapo bwana wa Maryland au Virginia aliyemfuatilia mtoro Kaskazini alijikuta na haki ya kwenye karatasi, bila askari wala mahali pa kumfungia mtu.

Mwaka 1850 Bunge lilikuwa linagombania ardhi iliyotwaliwa Mexico. Katika mapatano yaliyofikiwa, California iliingia kama jimbo huru na biashara ya watumwa ikakomeshwa katika mji mkuu. Kusini nayo ikapata, pamoja na mengine, sheria hii.

Ilifanya kazi hivi. Bwana alienda kwenye mahakama ya jimbo lake na kuapa kwamba fulani, mwenye umbo na alama kadhaa, ni mtumwa wake na ametoroka. Hati hiyo ikigongwa muhuri, ilikuwa ushahidi kamili kwamba mtu huyo ni mtumwa na kwamba ametoroka. Huko Kaskazini kilichobaki kuthibitishwa ni kimoja tu: kwamba aliyekamatwa ndiye anayetajwa kwenye hati. Aliyeamua hilo mara nyingi hakuwa jaji bali kamishna, ofisa aliyeteuliwa na mahakama ya shirikisho. Jopo la raia la kuamua kesi halikuwepo, na kifungu cha 6 kilikataza waziwazi ushahidi wa mkamatwa mwenyewe usipokelewe. Cheti cha kamishna kikishatolewa, hakuna mahakama iliyoruhusiwa kuingilia safari ya kumrudisha.

Kamishna alilipwa dola 10 akitoa cheti na dola 5 akikataa. Watetezi walisema tofauti ni ya kazi ya makaratasi, na wapinzani wakasema ni rushwa iliyoandikwa kwenye sheria. Mimi naona dola hizo zimezungumzwa kupita kiasi. Kamishna mwadilifu asiyetaka hata senti bado angemrudisha karibu kila mtu, kwa sababu sheria ilishamfunga macho kabla hajaketi.

Ukali wenyewe ulikuwa kwa watu wengine. Marshali wa shirikisho, ofisa wa kutekeleza amri za mahakama, aliyekataa kukamata alitozwa dola 1,000, na mtoro akimponyoka, hata bila uzembe wake, alidaiwa thamani yote ya mtu huyo. Aliweza kuwaita raia waliosimama karibu wamsaidie, na sheria iliwaamuru watii. Aliyemficha mtoro au kuzuia ukamataji alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita, tena alipe fidia ya dola 1,000 kwa kila mtoro aliyepotea. Kifungu cha 9 kilisema bwana akiapa kwamba anahofia mtoro kuokolewa njiani, ofisa amsindikize hadi jimbo alikotoka kwa gharama ya hazina ya taifa. Ukomo wa muda haukuwepo. Mtu aliyetoroka miaka 20 nyuma, mwenye mke na watoto na duka lake, alikamatwa sawa na aliyefika jana.

Sasa linganisha mitambo hiyo yote na hasara yenyewe. Sensa ya 1850 ilihesabu watoro 1,011 kwa mwaka mzima, katika watumwa milioni 3.2. Tena wengi wao walitoka majimbo ya mpakani kama Maryland na Kentucky. Lakini mwaka 1860 jimbo la kwanza kujitenga kwa kelele za watoro lilikuwa South Carolina, ambako kutoroka hadi Kaskazini kwa miguu ilikuwa karibu muhali. Ndiyo maana nasema mali haikuwa kiini cha madai. Walichotaka ni Mkaskazini akiri kwa mikono yake mwenyewe, pale pale kwao, kwamba mtu anaweza kuwa mali.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa James Hamlet, New York, kabla Septemba hiyo haijaisha. Alidai mama yake alikuwa mtu huru; kauli yake haikuwa na uzito kisheria. Alirudishwa Baltimore, kisha watu wakachanga dola 800 wakamkomboa. Februari 1851 kundi la watu weusi wa Boston liliingia mahakamani na kumtoa Shadrach Minkins mchana kweupe, akafika Montreal. Maelfu ya watu weusi wa Kaskazini hawakungoja zamu yao, wakahamia Kanada.

Kesi iliyogeuza mambo ni ya Anthony Burns. Alikamatwa Boston tarehe 24 Mei 1854 kwa kusingiziwa wizi katika duka la vito. Shahidi aliyeletwa na Charles Suttle, bwana wa Burns, alisema alimwona Burns Richmond hadi tarehe 20 Machi. Mashahidi wa utetezi wakasema mapema mwezi huo alikuwa tayari akifanya kazi Boston. Kwa kesi ya kawaida shaka hiyo ingetosha. Lakini usiku wa kukamatwa Suttle alimwuliza kama hakuwa akimpa fedha, na Burns akajibu kwamba alimpa senti 12 na nusu mara moja kwa mwaka. Kamishna Edward Loring aliyachukua mazungumzo hayo kuwa uthibitisho kwamba wanajuana. Kwa hiyo maneno ya Burns yalikataliwa yakimtetea, yakapokelewa yakimwangamiza.

Watu wa Boston walikuwa tayari kumnunua kwa dola 1,200. Mwanasheria wa serikali akapinga, na Rais Franklin Pierce akataka sheria itekelezwe. Tarehe 2 Juni askari walimpitisha hadi bandarini mbele ya watu wapatao 50,000. Kumrudisha mtu mmoja kuligharimu, kwa makadirio, dola 40,000 au zaidi. Mwaka uliofuata Burns alikombolewa kwa dola 1,300, na Boston haikumrudisha mtoro mwingine kwa sheria ile.

Siku tatu kabla ya msafara huo, Pierce alitia saini sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofuta mpaka uliowekwa mwaka 1820 kuzuia utumwa usienee katika maeneo ya kaskazini yake. Mapigo hayo mawili ndani ya juma moja yaliwageuza hata matajiri wa viwanda vya nguo. Viwanda vya New England, vilivyofuma pia merikani iliyouzwa Unguja, viliishi kwa pamba ya watumwa, na wenye navyo walikuwa watu wa suluhu daima. Mmoja wao, Amos Adams Lawrence, aliandika kwamba walilala usiku mmoja wakiwa wahafidhina wa mapatano, wakaamka wapinga utumwa wenye kichaa. Mwaka 1855 Massachusetts ilitunga sheria ya kumpa mtoro wakili na jopo la raia. Wisconsin ilikwenda mbali zaidi: mahakama yake kuu ilitangaza sheria ya 1850 kuwa batili. Mwaka 1859 Mahakama Kuu ya Washington, chini ya Roger Taney, ikaitengua hukumu hiyo kwa kauli moja, na Kusini ikashangilia serikali kuu kulinyamazisha jimbo.

Tamko la South Carolina la tarehe 24 Desemba 1860 ndilo ushahidi wa mwisho. Linataja majimbo 13 ya Kaskazini kwa majina na kuyashtaki kwa kutunga sheria za kubatilisha au kukwamisha sheria za Bunge. Kosa la majimbo hayo, kwa maneno mengine, lilikuwa kutumia haki za majimbo.

Mei 1861, vita vikiwa vimeanza, watumwa watatu walivuka usiku hadi ngome ya Monroe, Virginia, iliyoshikwa na jeshi la Kaskazini. Ofisa wa Kusini akaja chini ya bendera nyeupe kuwadai kwa niaba ya bwana wao, akitaja wajibu wa kurudisha watoro. Jenerali Benjamin Butler, mwanasheria kutoka Massachusetts, akamjibu kwamba Virginia inadai kuwa nchi ya kigeni, na sheria ya watoro haihusu nchi ya kigeni. Akawabakiza wakafanya kazi ngomeni, na wengine wakafuata kwa mamia. Bunge halikuifuta sheria yenyewe hadi tarehe 28 Juni 1864.